Aliyeitikia Jina la Koplo Wiseboni

Jumapili, Novemba 9, 2025. Anga la Nthulo limefunga tangu jana lakini halinyeshi. Mvua ya kwanza, ile inayozima moto wa nyasi, ilipiga Jumanne, ikaacha harufu ya majivu mabichi, kisha ikakata. Joto limekaa bondeni kama mgeni asiyejua kuaga.

Saa kumi na mbili asubuhi Enelesi Kaphuka amepiga magoti mbele ya beseni la maji. Anazamisha tyubu kipande kwa kipande, anatazama mapovu yanapotokea, anaweka kidole, anaitoa, anaikwangua kwa msasa. Nyuma yake madereva wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, wamepanga foleni hadi kwenye duka la mbolea.

"Mama Tiyamike, leo hata Jumapili?" anauliza Feliati, dereva mwenye mdomo mrefu kuliko safari zake. "Mchungaji akipita hapa utamwambia nini?"

"Nitamwambia ashuke nimjazie upepo."

Foleni inacheka. Yeye hacheki.

Enelesi ana miaka thelathini na minane. Ni fundi baiskeli pekee wa kike katika soko hili dogo chini ya milima ya Dedza, katikati ya Malawi. Jumapili nyingine zote za mwaka huvaa blauzi nyeupe ya umoja wa wanawake wa kanisa na kukaa benchi la tatu. Hii moja hufungua kazi, kwa sababu ni Siku ya Kuwakumbuka Askari. Wazee waliopigana zamani na wajane wa askari hubebwa na kabaza hadi bomani, kwenye makao ya wilaya, na hataki mjane yeyote aishie njiani na tairi bapa.

Kiraka cha leo ni bure.

"Siku nyingine ni kwacha mia tano," anasema Feliati. "Na ukimkopa, anakutazama tu. Hasemi neno. Utalipa."

Ufundi huu aliupata kwa mumewe. Kabla ya kuingia jeshini, Wiseboni Chagoma alitengeneza baiskeli papa hapa, chini ya paa la mabati mawili, na mkewe alikuwa akimshikia pampu. Alipoitwa kambini, wateja waliendelea kuja.

"Walikuja kumtafuta yeye, wakanikuta mimi," Enelesi anasema. "Nifanyeje, niwarudishe na baiskeli mabegani? Nikashika spana. Wa kwanza nilimharibia breki. Alienda kuingia kwenye banda la nguruwe. Alirudi, nikamtengenezea tena."

Vidole vyake vimepasuka kwa gundi na mafuta ya cheni, na hata sabuni ya magadi haivitoi weusi. Siku za Komunyo huvificha ndani ya kitenge chake.

Wiseboni hakurudi. Alikuwa katika kikosi cha kulinda amani ng'ambo ya mipaka, katika nchi ya misitu. Kikosi chao kilivamiwa kikiwa kinawavusha majeruhi kwenye daraja la magogo. Mtu mmoja alitakiwa kubaki na bunduki upande wa huku mpaka wa mwisho avuke. Koplo Wiseboni alibaki. Majeruhi walivuka. Walipomrudia asubuhi, mto ulikuwa kimya naye alikuwa kimya.

Alitunukiwa Nishani ya Ushujaa. Maelezo yake husomwa kila mwaka bomani, na kila mwaka kuna sentensi moja inayomchoma mjane wake.

"Wanasema alibaki 'bila kujali maisha yake'. Nani aliwaambia? Wiseboni alipenda maisha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alipenda mbatata ya moto, alipenda mpira, alipenda kulala mpaka jua limpige usoni. Alijali sana. Alijali, akabaki. Hilo ndilo wangesoma."

Lakini si sentensi hiyo iliyomfanya mwaka huu aende bomani akiwa ameuma meno. Ni nishani yenyewe.

Huku mwanamume akioa humfuata mke. Hujenga kwa wakwe, hulima shamba la mama mkwe, na watoto wake ni wa ukoo wa mkewe. Akifa, mwili wake hurudi kwa mama aliyemzaa, na vitu vyake huufuata mwili. Mkubwa wa mambo yote hayo ni mjomba.

Mjomba wa Wiseboni ni Zakeyo Mtengula, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Nishani ilipotolewa, afisa aliibandika kwenye blauzi ya Enelesi. Ilikaa kwake muda wa msiba tu. Siku ya kumaliza tanga, aliponyolewa nywele na pombe kunywewa ili afunguliwe kutoka kifungo cha ujane, Zakeyo alitandika mkeka na kudai vitu vya mpwa wake. Koti. Redio. Viatu vya jeshi. Sanduku la spana aliliona, akaliacha, lilikuwa chafu.

Kisha akanyoosha mkono kwenye blauzi.

"Alisema, 'Hicho chuma ni cha damu yetu. Wewe ulikuwa mwenye nyumba tu,'" Enelesi anakumbuka. "Nikamtazama mshenga wangu. Mshenga wangu akatazama ardhi."

Mshenga ni kaka yake, Lufeyo, aliyepokea kuku wa ndoa yao na ambaye ndiye mdomo wa dada yake penye neno lolote la ndoa hiyo. Lufeyo ni mtu mwema. Hajawahi kugombana na yeyote, na katika mambo ya dada yake hilo limekuwa kosa.

"Nilimwambia tuache, ni mambo ya wakubwa," anasema Lufeyo mwenyewe, akichezea kofia. "Asingetoa, asingefunguliwa. Angekaa na nywele za msiba mpaka lini?"

Enelesi akaitoa. Ni miaka sita sasa.

Katika miaka hiyo nishani ya Koplo Wiseboni imehudhuria harusi, mazishi, uzinduzi wa kisima na mikutano ya vyama viwili vya siasa vinavyochukiana. Huwa kifuani pa Zakeyo, na Zakeyo huwa kiti cha mbele, na mbele ya kiti huwa na soda. Katika mkutano mmoja msemaji alimtambulisha kuwa ndiye shujaa wa vita. Hakumsahihisha. Alipunga mkono.

"Mwaka jana tulikutana kwenye harusi," Enelesi anasema. Anaacha kazi kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nikaenda kumsalimu, nikapiga goti, maana ni mjomba wa mume wangu. Macho yangu yakawa sawa na kifua chake. Utepe ulikuwa na mchuzi. Mchuzi wa kuku. Umekauka, una hata unyoya."

Anachukua tyubu nyingine.

"Tangu siku hiyo naomba. Nimefunga kula, nimekesha na akina mama wenzangu, namwomba Mungu aniondolee hasira hii. Mwaka mzima. Hajaiondoa. Basi nimeelewa kwamba ni yake, ameniwekea niishike."

Saa tatu, uwanja wa boma umejaa. Wazee wa vita wameketi na makoti yao mazito kwenye joto hili, majasho yanawatiririka, hakuna anayevua. Viongozi wako chini ya turubai. Zakeyo Mtengula yuko safu ya kwanza ndani ya koti la kaki la marehemu, vifungo vinalia kwa kubanwa, nishani inang'aa. Enelesi na binti yake Tiyamike wamesimama nyuma pamoja na baiskeli. Mwaliko wa familia huenda kwa mjomba.

Sehemu anayoijia Enelesi ni moja tu. Afisa huita majina ya waliokufa, mmoja mmoja. Kila jina likiitwa, watu hunyamaza kitambo, kama wanaomsubiri mwenyewe aitikie. Haitikii. Ndipo linaitwa jingine.

"Kile kimya ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho," Enelesi alisema njiani. "Mengine yote yana mtu."

Afisa anaita. Majina ya mwanzo yanapita, kila moja na kimya chake.

"Koplo Wiseboni Chagoma."

Kimya kinaanza. Tiyamike ameshika kitenge cha mama yake.

Zakeyo anasimama, anabana visigino, anapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Nipo, mkuu."

Upande wa vyama wanapiga makofi. Afisa anatabasamu, anasoma jina linalofuata. Lakini huku nyuma, kati ya wanawake watu wazima, panasikika mvumo wa chini kama wa nyuki walioguswa. Bibi mmoja amejifunika uso kwa nguo. Watu hawa wanajua walichokisikia. Jina la mfu haliitikiwi. Anayeliitikia mbele ya watu amelivaa, na anayelivaa huvaa jina zima.

Enelesi hapigi kelele. Anampa Feliati pampu aliyokuwa ameishika, anapita pembeni ya umati, anapiga goti mbele ya Gulupu Chimkoka, mama anayetawala vijiji vya pande zote mbili za mto, na kumnong'oneza maneno machache. Gulupu anamsikiliza huku akimtazama Zakeyo.

"Alasiri," anasema. "Kwangu. Na yeye mwambieni."

Alasiri hiyo hakuna upepo. Baraza limekaa kwenye kivuli cha ghala la mahindi la Gulupu, tupu kwa msimu huu. Wanawake wako mikekani, miguu imenyooshwa. Madereva wa kabaza wameegemea ua, kwa madai kwamba wanasubiri abiria. Zakeyo amefika na kiti chake cha plastiki, amekibebesha mtu, amekikalia, na koti hajalivua.

Kwa mila, mwanamke mwenye shauri huketi nyuma ya mshenga wake na mshenga ndiye husema. Lufeyo anakohoa.

"Mwambie ni mwizi," Enelesi ananong'ona.

"Dada yangu anasema, Gulupu, kuna jambo dogo halijakaa sawa."

"Mwambie amekula kwa kifo cha mume wangu."

"Anasema Mjomba amekuwa na shughuli nyingi."

"Lufeyo," inatoka sauti ya Feliati uani, "unapeleka maneno au unayachuja kama togwa?"

Baraza linacheka. Gulupu anainua kidole, linanyamaza.

"Lufeyo, pumzika, baba. Umefanya kazi. Enelesi, sema mwenyewe."

"Tangu lini mwanamke anasema barazani?" Zakeyo anauliza.

"Tangu nilipokalia kiti hiki, mzee wangu. Au mimi unanionaje?"

Zakeyo anatazama kwingine. Enelesi anasogea mbele kwa magoti, anasimama.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba."

"Asubuhi uliitikia jina la nani?"

"La mpwa wangu. Nani mwingine angeitikia? Wewe? Wewe ni mjane wa mafuta ya cheni."

"Watu walikusikia?"

"Hata waliolala walinisikia."

Enelesi anawageukia walioketi. "Mlisikia?"

"Tulisikia," wanajibu.

"Basi Gulupu, shauri la nishani sina tena. Nishani ni yake. Huyu ni Wiseboni."

Minong'ono inazuka. Lufeyo amefumba macho. Zakeyo anajiegemeza kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza anaonekana kufurahi.

"Nilichojia ni kingine," Enelesi anaendelea. "Mkwe wa mama yangu ametoroka kazi miaka sita. Shamba la mama halijapigwa matuta na mvua iko pale mlimani. Wiseboni hata akija likizo ya jeshi, siku ya pili alikuwa shambani na jembe. Paa la jiko linavuja. Choo kimejaa, chimba kingine. Kesho jogoo wa kwanza, Mjomba. Samahani. Kesho jogoo wa kwanza, baba Tiyamike."

Zakeyo anajisogeza kitini. Hapo ndipo mama mzazi wa Enelesi, Bi Nasibeko, anayezidi miaka sabini, anapojikuna goti na kusema, uso ameugeuza pembeni kama inavyompasa mama mkwe, kwa sauti ya upole kabisa:

"Na mbona mkwe wangu yuko kitini, mimi niko chini?"

Baraza linapasuka. Mtu ameanguka kwenye ua. Mila iko wazi: mkwe akimwona mama mkwe huchuchumaa, hata njiani, hata kwenye tope. Zakeyo anajikuta ameinuka nusu, hajui akae au achuchumae.

"Nina miaka sitini na mitano," anasema. "Mgongo wangu..."

"Wa kusimama mikutanoni unao," anasema Feliati.

"Msicheke," Enelesi anasema.

Hasemi kwa nguvu, lakini kicheko kinakatika kama kimekatwa kwa kisu.

"Sikuja kuwachekesha. Mume wangu alibaki kwenye daraja peke yake usiku, watu wengine wapate kuvuka kwenda kwa wake zao. Nyinyi kila mwaka mnampigia makofi huyu, mnamletea soda. Mjomba, ukilitaka jina la Wiseboni, lichukue lote. Chukua jembe. Chukua na lile daraja. Ukitaka kile kipande kinachong'aa tu, basi ni wizi, hata kama ulitandika mkeka na kufuata mila yote wakati wa kuiba."

Bi Nasibeko bado ametazama pembeni.

Gulupu hachukui muda mrefu. "Aliyeitikia amelivaa," anasema. "Hiyo sikuitunga mimi, niliikuta. Mzee Zakeyo, una njia mbili. Ulivae jina, kesho alfajiri nikukute kwenye shamba la Nasibeko. Au ulivue hapa, na kila ulichokipata kwa jina hilo ukivue nalo."

"Mimi ni mwenye ukoo. Siwezi kuwalimia wanawake."

"Umechagua."

Inamchukua Zakeyo muda kuitoa nishani, pini imeshika kwenye kitambaa. Anaitupa mkekani. "Chukueni chuma chenu."

Enelesi hainami. Anaitazama pale ilipoanguka, kisha anamtazama Gulupu.

"Okota," Gulupu anamwambia Zakeyo. "Huku kitu cha mtu hukirushi kama unamlisha mbwa. Mikono miwili."

Magoti ya mzee yanalia. Anaokota, anaisogeza kwa mikono miwili, na Enelesi anaipokea kwa mikono miwili, ile myeusi iliyopasuka, ambayo leo hakuificha. Hasemi asante. Anampa Tiyamike, msichana wa darasa la nane ambaye kwa miaka sita nishani ya baba yake ameiona kwa mbali tu, kifuani pa mtu mwingine.

"Nzito," anasema Tiyamike.

"Haitoshi," anajibu mama yake.

Zakeyo amevua na koti. Amebaki na shati lililolowa, na mtu wake amekwisha kukibeba kiti cha plastiki. Langoni anageuka.

"Haya. Mwaka ujao nenda ukakalie kiti cha mbele na wewe. Utaona soda ilivyo tamu."

Watu wanamtazama Enelesi. Lufeyo anamshika mkono, anamwambia taratibu, "Dada, mwache aende, tumepata." Enelesi anauchomoa mkono wake. Anasimama katikati ya mkeka, mahali ambapo huku mtu husimama anapoapa, naye anajua na wote wanajua.

"Sikilizeni, maana sitarudia," anasema. "Mimi Enelesi, binti wa Nasibeko, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Gulupu na mbele yenu. Nishani hii haivaliwi tena. Si na mimi, si na Lufeyo, si na mume mwingine Mungu akinipa. Nitaufua utepe wake leo, na itakaa nyumbani kwa mtoto wake. Mwaka ujao nitakuwa safu ya mbele pale bomani, nitasimama, kiti chao sikitaki. Wataliita jina la Wiseboni, nanyi mtanyamaza, na halitajibiwa. Atakayelijibu, awe mbunge, awe mchungaji, awe ndugu yangu wa tumbo moja, nitamziba mdomo kwa mikono hii mbele ya bendera. Kisha njooni mnikamate. Mnajua ninapofanyia kazi."